Mbwa tuliyemwokota mtaani ni mpole kwa watu, ila paka hawana amani. Tuanzie wapi?

NtwaraKuchele (Magomeni, Mtwara)

Wadau, habari za jioni. Tuna paka wawili, dume mzee wa miaka 7 na jike wa mwaka mmoja na nusu. Wiki tatu zilizopita tumemchukua mbwa jike aliyekuwa anazurura mtaani, kwa kukadiria ana miaka miwili, kilo 16 hivi. Kwa watu na watoto hana neno. Akimwona paka si yule tena: anakaza mwili, anamkodolea macho, halafu anafyatuka bila hata kubweka. Juzi alimnasa yule jike mgongoni, akamwachia alipomwagiwa ndoo ya maji. Manyoya yametoka, ngozi haikutoboka.

Mchana anafungwa mnyororo wa mita mbili chini ya mkorosho, saa 3 usiku anafunguliwa alinde. Anakula ugali na dagaa mara moja, jioni. Akikimbiza paka anachapwa, lakini haisaidii. Chanjo ya kichaa amepata, dawa ya minyoo bado. Ndani ya nyumba mbwa haingii, wazee hawataki. Paka wanaingia na kutoka watakavyo. Je, anafundishika au tumtafutie kwa kwenda?

Uani_Mikindani

Wengi wanafundishika, lakini ratiba yenu ndiyo inayomfundisha vibaya. Mnamfunga mchana kutwa akiwatazama paka wakipita mita tano mbele yake asiweze kuwafikia, hamu inajaa. Usiku, saa ambazo paka nao ndiyo wanatoka kuwinda panya, mnamfungulia. Ukitaka kutengeneza mkimbiza paka kwa makusudi ungefanya hivyohivyo.

Shika hili kwanza: mbio zenyewe ndiyo malipo yake. Hata asipomkamata, zile sekunde tano za kukimbiza zinamlipa kuliko nyama yoyote utakayompa. Kwa hiyo wiki mbili za mwanzo usifundishe kitu. Kazi yako ni kuhakikisha hakuna mbio hata moja. Ukifundisha asubuhi halafu usiku akakimbiza, umerudi ulikotoka.

Kwenu mna bahati kwamba mbwa haingii ndani, mpaka upo tayari. Wekeni zamu. Saa 2 usiku paka waitwe ndani wapewe chakula, mlango ufungwe, na wawe na beseni la mchanga la kujisaidia. Ndipo mbwa afunguliwe. Saa 12 asubuhi mbwa arudi bandani kabla mlango wa jikoni haujafunguliwa. Mtu mmoja ndiye ashike zamu hiyo, maana ajali nyingi hutokea pale kila mtu anapodhani mwenzake ameshafunga.

Banda liwe si chini ya mita 2 kwa 3, kivuli cha kutosha, kuta za wavu wa chuma wa kuchomelea wenye urefu wa mita 1.8. Wavu wa kuku usiutumie, mbwa wa kilo 16 akiwa na nia anauchana. Upande unaotazama njia ya paka zibeni kwa makuti au gunia hadi usawa wa kichwa chake, asikae anatazama siku nzima. Asubuhi atembezwe kwa kamba nusu saa kabla jua halijawa kali. Mbwa aliyechoka kidogo na kunusanusa hufundishika upesi.

Paka nao wapeni pa kukimbilia. Mbao mbili imara ukutani kwenye mita 1.5 hadi 1.8, pande tofauti za uani, na tundu chini ya mlango wa jikoni la kama sentimita 12 kwa 15. Pima kichwa cha mbwa kwanza kabla ya kukata! Paka anayejua ana njia mbili za kutokea hatimui mbio ovyo, na paka asiyekimbia hamwashi mbwa.

Fimbo acheni. Yeye haunganishi fimbo na kosa, anaunganisha fimbo na paka: kila paka akitokea, maumivu yanakuja. Kibaya zaidi ni kwamba mbwa anayechapwa akinguruma hujifunza kutonguruma, akaenda moja kwa moja kwenye meno.

Mchekeshaji_wa_Newala

Mnajipa kazi bure. Mshike paka mikononi, mlete mpaka puani kwa mbwa, wanusane, waamkiane. Siku tatu wamezoeana.

Uani_Mikindani

Mkuu, usimshauri mtu hivyo. Paka aliyebanwa hana pa kwenda ila usoni mwako, na ukucha ukiingia kwenye jicho la mbwa uadui unakuwa wa kudumu. Hakuna wa kushikwa. Paka aje kwa miguu yake, mbwa awe kwenye kamba.

MlimaMingoyo (Lindi)

Naomba kuuliza kabla watu hawajaenda mbali. Huyo mbwa alizaliwa mtaani mjini, au alitoka mashambani? Mbwa wengi wa huku hupitishwa kwenye mawindo ya ndezi na panya buku. Mbwa aliyewahi kuua mnyama mdogo mwenye manyoya si sawa na anayekimbiza kwa kuchangamka.

Angalieni hivi. Anayetaka mchezo huinamisha kifua chini, makalio juu, anarukaruka, mdomo wazi. Mwoga hubweka, hurudi nyuma, nywele za mgongoni zimesimama. Anayelinda chakula hukasirika karibu na bakuli tu. Anayewinda yuko kimya: mdomo umefumba, masikio mbele, kichwa kimeshuka usawa wa mabega, pengine mguu mmoja wa mbele umenyanyuka, na ukimwita hasikii. Maelezo ya "anafyatuka bila kubweka" yananipeleka kwenye huyo wa mwisho. Ila alimwachia kwa ndoo ya maji na hakutoboa ngozi, hiyo ni dalili njema. Muwindaji aliyekomaa angekung'uta mara moja na paka angekuwa amekufa.

NtwaraKuchele

Asanteni sana. Alikotoka hakuna anayejua, alikuwa anaokota mabaki karibu na wauza samaki. Mchezo wa kuinamisha kifua sijauona. Halafu mara mbili kati ya tatu ilikuwa jioni wakati wa kupara samaki hapa uani. Na je, nimfunge mdomo kwa kitambaa wakati wa mafunzo?

MlimaMingoyo (Lindi)

Basi sehemu ya ugomvi mmeipata. Mbwa aliyeishi kwa mabaki ya samaki, anakula mara moja kwa siku, halafu paka wanagombea matumbo na vichwa mbele ya macho yake! Samaki waparwe mbwa akiwa bandani, matumbo yaingie kwenye ndoo yenye mfuniko, pamwagiwe maji na majivu. Paka walishwe juu au ndani. Chakula cha mbwa gaweni kilekile mara mbili, asubuhi na jioni.

Huyu bado namhesabu ni mbwa wa kujaribu. Mpeni miezi mitatu.

MifugoMstaafu

Kitambaa hapana, wala kamba ya kufunga mdomo. Mbwa hapoi kwa jasho kama sisi, hupoa kwa kuhema mdomo wazi. Kwa joto na unyevu wa Mtwara, mdomo uliofungwa kwa dakika chache huku anahangaika unaweza kumletea kiharusi cha joto akafa. Kinachofaa ni kikapu cha mdomo, cha plastiki au waya, ambacho ndani yake anaweza kufungua mdomo, kuhema na kunywa maji. Mzoesheni siku saba kabla: siku za mwanzo chakula kiwe ndani ya kikapu aingize mdomo mwenyewe, ukanda msifunge. Usimvalishe kwa nguvu siku ya kwanza ya kuonana na paka.

Minyoo: apewe dawa sasa kwa uzito wake, irudiwe baada ya wiki mbili au tatu, kisha kila miezi mitatu. Mbwa mwenye njaa ya minyoo hafikirii kingine. Kagua pia masikio na meno, maumivu hufupisha subira.

Sasa sikilizeni hili kwa makini, maana paka wengi hufa si kwa meno ya mbwa. Dawa ya kupe ya mbwa yenye permetrini, na zile za kuogeshea ng'ombe zenye saipametrini au amitrazi ambazo watu huwapaka mbwa, ni sumu kwa paka. Paka akijisugua kwa mbwa aliyepakwa leo, au akilalia gunia lake, anaanza kutetemeka na kupata degedege. Soma kiambato kwenye chupa. Mkibadilisha magunia ya kulalia, la mbwa kwa paka na la paka kwa mbwa, ili wazoeane harufu, hakikisheni mbwa hajapakwa dawa hizo. Na paka aliyeumia asipewe panadoli, hata robo kidonge, inamuua.

Jino la mbwa likitoboa, tundu la nje ni dogo lakini nyama ya chini imepondeka. Siku ya pili hadi ya nne huvimba jipu. Apelekwe kwa daktari wa mifugo siku ileile.

Kuhusu kichaa: chanjo haimkingi mbwa aliyekwisha ambukizwa kabla ya kuchanjwa, na ugonjwa hukaa wiki kadhaa hadi miezi kadhaa kabla ya kuonekana. Akianza kubadilika sauti, kutoa udenda, kushindwa kumeza, kung'ata ovyo vijiti na mawe, mafunzo basi. Msimguse, muiteni afisa mifugo. Paka nao wachanjwe. Mtu akiumwa au akikwaruzwa na yeyote kati yao, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali ya Ligula siku hiyohiyo, bila kungoja kesho.

Kufunga kizazi hakumtoi mbwa hamu ya kukimbiza paka. Lakini kwa jike kuna faida nyingine: akiwa kwenye joto la kutaka dume, kama wiki tatu, madume ya mtaa mzima yatajaa uani kwenu, na hayo ndiyo yatakayowamaliza paka.

Uani_Mikindani

Asante mzee, hilo la dawa ya ng'ombe watu hawalijui kabisa.

NtwaraKuchele, wiki ya tatu anza hivi. Kwanza neno "acha", bila paka. Weka kipande cha chakula chini, kifunike kwa kifuu cha nazi, kanyaga kifuu. Atanusa, atakwangua. Sekunde atakayogeuza kichwa, sema "vema" umrushie kipande kingine kutoka mfukoni. Kile cha chini asikipate kamwe. Mara kumi, asubuhi na jioni. Neno "acha" liongeze akishaanza kugeuka mwenyewe. Na kwa kuwa chakula kinarushwa chini, mate hayagusi mkono, wazee hawatalalamika.

Chakula cha mafunzo ni maini ya kuchemsha bila chumvi wala kitunguu, kwani kitunguu ni sumu kwa mbwa na paka. Vipande viwe kama punje ya hindi. Robo kilo imtoshe siku nne au tano, maini mengi yanaharisha. Kama friji hakuna, nunua kidogokidogo. Dagaa wa pwani wanafaa pia, ila wengi hupikwa kwa maji ya chumvi, waloweke umwage maji.

Kisha paka. Mwache akae dirishani, nyuma ya nondo. Mbwa awe mita 8, kwenye mkanda wa kifuani na kamba ya mita 2, kwa sababu kola pekee akifyatuka inamkaba na anaweza kuivua. Mbwa amwone paka kwanza, ndipo chakula kishuke, kipande baada ya kipande. Paka akiondoka, chakula kinakatika papo hapo. Mpangilio huu ndiyo mafunzo yenyewe. Ukianza kutoa chakula kabla hajaona paka, anajifunza kula tu. Dakika tatu hadi tano, saa 12 na nusu asubuhi na saa 11 jioni, basi.

Akikataa kula, au akichukua huku macho hayabanduki kwa paka, umesogea mno. Rudi nyuma mita mbili bila maneno. Unatafuta siku ambayo akimwona paka anageuka kukutazama wewe, kana kwamba anauliza "malipo yangu wapi?". Vipindi vitatu mfululizo vya hivyo, sogea nusu mita. Usisogee kwa sababu umechoka kungoja.

Wengi hukwama hapa: mbwa ametulia kwa paka aliyekaa, wakadhani wamemaliza. Paka aliyekaa, anayetembea na anayekimbia ni masomo matatu. Kwa kila moja rudi mita 8 uanze upya. La kukimbia lianzie kwa tambara lililofungwa kwenye uzi, mtu mwingine analivuta, wewe unalipa kila anapogeuka kwa "acha".

NtwaraKuchele

Nimeelewa. Na kuwafungulia wote pamoja, baada ya muda gani?

Uani_Mikindani

Usihesabu siku, hesabu vipindi. Vipindi 20 mfululizo ndani ya mita moja bila kukaza mwili, ndipo aburute kamba ya mita 3 huku amevaa kikapu cha mdomo na wewe upo. Kitanzi cha mwisho wa kamba kikate, kisinase kwenye mizizi ya mkorosho. Ukiona anaganda, kanyaga kamba, usiivute kwa kishindo.

MlimaMingoyo (Lindi)

Na usiku zamu ibaki palepale, hata akifaulu yote hayo. Mbwa aliyefunguliwa gizani, hakuna mtu, paka anakatiza mbio na panya mdomoni, huo si mtihani wa kumpa. Kama baada ya miezi mitatu bado hali chakula akimwona paka kwenye mita 5, mtafutieni nyumba isiyo na paka, na mwambieni mpokeaji ukweli wote kabla hajamchukua.

NtwaraKuchele

Sawa. Kesho naenda kutafuta wavu na dawa ya minyoo. Mnyororo unaondoka leo.

MifugoMstaafu

Mpime uzito kabla ya dawa. Jipime wewe kwenye mizani, kisha jipime umembeba, toa.