Ushauri: binti yangu ameitwa kuchora mbele ya majaji, nimtoe?

Baba Wawili: Assalamu alaykum wana jukwaa. Binti yangu yuko darasa la tano, skuli moja huku Kusini Unguja. Mchoro wake wa kima punju, wale kima wekundu wa huku Unguja, umechaguliwa kwenye mashindano ya wanafunzi ya kuchora wanyamapori. Sasa Jumamosi wanataka wachore tena, papo hapo, majaji wakitazama. Mtoto hali, halali. Nimtoe?

Fundi Rangi: Usimtoe kabisa. Mimi nilijifunza uchoraji wa tingatinga kwa rangi ya baiskeli juu ya ubao, kama alivyoanza marehemu Edward Saidi Tingatinga mwaka 1968. Mikono ilinitetemeka wateja wakinisimamia. Rangi ikishashika, woga unakwisha.

Mama Nasra: Mchoro ni wake mwenyewe, kinachomnyima usingizi nini? Kuna kitu hukukisema.

Baba Wawili: Nilimsaidia kidogo. Kivuli, manyoya ya mgongoni, na ule mkono ulioshika tawi. Wazazi wote wanasaidia. Na mwalimu nimeshamwambia ana homa.

Dereva wa Makunduchi: Mashindano haya yana maana jamani. Kabla ya kuwekwa matuta barabarani pale msitu wa Jozani nilimgonga kima, mama, mtoto kamng'ang'ania tumboni. Mpaka leo nikifika pale napunguza mwendo hata barabara ikiwa tupu.

Ustadh K: Homa ya uongo ni uongo, ndugu yangu. Mtoto anajifunza nini?

Kijana wa Pete: Chai hii. Michoro ilibandikwa, nikaenda kuiona. Kima huyo ana gumba kama la mtu! Kima punju gumba lake ni kinundu tu, tawi hulishika kwa vidole vinne. Mtoto wa huku, anayewaona wakidokoa mkaa jikoni kwa bibi yake, hakosei hapo. Huna binti wewe.

Baba Wawili: Ninaye, wallahi. Alichora vinne. Nikadhani amesahau, nikaongeza cha tano. Akasema, "Baba, hana hicho." Nikamnyamazisha.

Mama Nasra: Basi haogopi majaji huyo. Anaogopa akichora vinne, wewe utaumbuka.

Baba Wawili: Sikuliona hivyo. Lakini homa nimeshaisema.

Fundi Rangi: Kesho asubuhi nenda kwa mwalimu, umwambie yote, la homa na la kidole. Mtoto mnunulie penseli laini.

Baba Wawili: Nimemwita, nimemwambia Jumamosi anakwenda. Kaniuliza, "Nichore vingapi?"