Tupeane uzoefu: saladi ya adesi na mboga za kuokwa, itoke kavu isitoke rojo

MamaWaKisasa
Wakuu salaam. Uzi huu ni wa saladi moja tu: adesi za kuchemsha zilizochanganywa na mboga za kuokwa (boga, karoti, biringanya, kitunguu maji, hoho). Chakula cha mtu kushiba bila ugali pembeni. Tupeane uzoefu wa hapa hapa Dodoma, kwa maji yetu, majiko yetu, na vitu vinavyopatikana masoko ya Majengo na Sabasaba. Na tuweke vipimo. Mtu asiandike "chumvi kiasi" halafu akaondoka.

Naanza na kipimo cha watu 4: adesi kavu gramu 250, mboga zilizokwisha kumenywa kilo 1, mafuta vijiko vya chakula 3 vya kuokea na 4 vya sosi, ndimu 2 zenye maji, chumvi vijiko vidogo 2 kwa ujumla wake, kitunguu saumu punje 3, kotmiri fungu 1. Kilo ya mboga ikipita kwenye moto hupungua karibu theluthi, kwa hiyo trei mbili zilizojaa zikiishia bakuli moja msishangae.

MzeeWaUngo
Kabla ya moto tuelewane majina, maana nusu ya saladi zinaharibikia dukani. Ukisema "dengu" kwa mwenye duka wa hapa, utapewa dengu kweli: punje nene zenye kamdomo kama ka ndege. Mkenya akisema "ndengu" anataka choroko. Sisi tunataka adesi, punje bapa, duara, zilizovimba kidogo katikati.

Adesi zenyewe ni mbili. Kuna nzima, zenye ganda la kahawia au kijani, na kuna nyekundu zilizokobolewa. Nyekundu ni za supu. Hazina ganda la kuzishika, dakika 12 tu zimeshakuwa uji, na hakuna ufundi wa kuzizuia. Kwa saladi chukua zenye ganda.

Peta kwa ungo upate kutoa makapi, halafu mwaga kwenye sinia jeupe kiganja kimoja kimoja. Kijiwe cha adesi kina rangi ya adesi na kimo cha adesi. Ungo haukitoi, jicho ndilo linalokitoa. Angalia pia rangi: zilizofifia na zenye vitundu vidogo zimekaa sana ghalani. Adesi iliyokaa miezi mingi kwenye joto hukomaa ganda, utachemsha saa nzima na katikati bado ni chaki.

BirikaJeupe
Mzee umesema kweli ila umeacha maji. Wenye maji ya kisima angalieni ndani ya birika lenu: yale magamba meupe ni chokaa. Chokaa hiyo hushikana na ganda la kunde zozote na kulikaza, ndiyo maana adesi ile ile inaiva dakika 25 kwa maji ya mvua na dakika 45 kwa maji ya bomba la mtaa fulani.

Dawa si magadi, niseme mapema kabla hajatokea mtu. Chemsha maji peke yake dakika 10, yaache yatulie mpaka chokaa ishuke chini, mimina ya juu taratibu uyatumie. Haitoi chokaa yote ila tofauti utaiona. Anayeweza, atumie maji ya kunywa ya dukani. Kwa gramu 250 za adesi unahitaji lita 1 tu.

Jingine ni mwinuko. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayafiki 100. Ukikuta kipimo cha mtu wa Dar kinasema dakika 20, wewe anza kuonja dakika ya 22 na utarajie 25 hadi 30.

Nkuhungu_Jikoni
Magadi kidogo tu kwenye ncha ya kisu yana ubaya gani? Kwenye maharage tunaweka kila siku.

BirikaJeupe
Mkuu, maharage unayataka yalainike na mchuzi uwe mzito. Hapa unataka punje ilainike ndani lakini ganda libaki. Magadi yanayeyusha ganda lenyewe, adesi zinapasuka, maji yanakuwa ya kijivu na ladha inaelekea kwenye sabuni. Kwa dengu sawa, kwa adesi hapana.

MamaWaKisasa
Naomba hapo niongezee hatua za kuchemsha ziwe mahali pamoja. Lita 1 ya maji yaliyotulia, adesi ndani yakiwa baridi, jani 1 kavu la kiungo (bay leaf) na nusu ya kitunguu. Yakichemka punguza moto mpaka maji yawe yanatikisika tu. Yakitokota kwa fujo punje zinagongana na kuvuka maganda. Chumvi kijiko kidogo 1, weka dakika ya 10. Wanaosema chumvi inakaza adesi wanaisingizia. Kinachokaza ni uchachu: ndimu, ukwaju, nyanya. Hivyo visiguse sufuria hii mpaka adesi zimeiva.

Onja punje 5 kutoka sehemu tofauti za sufuria. Punje 1 haitoshi. Zote zikilainika bila kubonyea ovyo, epua papo hapo, mwaga kwenye chujio, ziache dakika 5, kisha zitandaze kwenye sinia. Zikibaki zimerundikana kwenye chujio, joto lao wenyewe linaendelea kuzipika na za katikati zinarojeka.

FundiOveni
Sasa mboga. Karibu kila lalamiko la "mboga zangu zimetoka kama za kuchemsha" lina sababu moja, nayo ni mvuke. Mboga ina maji mengi. Ukiirundika kwenye trei, maji yanayotoka hayapati pa kwenda, mboga inajichemsha yenyewe. Inabidi vipande vikae safu moja na kati ya kipande na kipande pabaki nafasi ya kidole. Kilo 1 inataka trei 2, au uoke mara 2. Hakuna njia ya mkato.

Oveni iwe nyuzi 210 hadi 220, na trei iingie tupu ipate moto dakika 10 kwanza. Kipande cha kwanza kikitua kisipopiga kelele, trei bado.

Ukubwa unafuata ugumu wa mboga. Karoti sentimita 1 na nusu, kwa sababu huchelewa. Boga sentimita 3, na limenywe, ganda la boga letu ni gumu hata likiokwa. Biringanya sentimita 3 pia, maana husinyaa sana. Kitunguu kata vipande 8 ukiacha kitako kishikilie matabaka, la sivyo kinatawanyika na kuungua kama karatasi. Hoho vipande vipana. Karoti na boga dakika 35, biringanya na kitunguu 30, hoho 20. Maana yake hoho haiingii pamoja na karoti, inaingia robo saa baadaye. Geuza mara 1 tu, dakika ya 20 kwa kile kilichoanza. Ukikoroga kila dakika 5 hakuna upande utakaopata rangi.

Nyanya ziokwe peke yake, zimekatwa nusu, uso juu, kwa nyuzi 160, saa 1. Ukizichanganya na nyingine umerudisha maji uliyohangaika kuyatoa. Bitiruti nayo peke yake, hiyo ni kwa sababu ya rangi tu, isije saladi yote ikawa ya zambarau.

KifunikoChaBati
Na sisi tusio na oveni? Jibu lipo, ni kupalia makaa, ile ile ya kuokea keki, ila ina tofauti moja ambayo wengi hawaiangalii.

Sufuria iwe nzito na pana, chini bapa. Ya bati jepesi inaunguza chini kabla juu hakujajua kuna moto. Chini weka makaa machache, vipande 6 au 7 vilivyokwisha kushika jivu jeupe. Juu ya kifuniko weka mara mbili yake. Mboga safu moja, kama alivyosema Fundi. Keki unaifunika mpaka iive kwa sababu unataka unyevu ubaki. Mboga unataka unyevu utoke. Kwa hiyo kila dakika 8 inua kifuniko kwa koleo, ukiinue wima usimwage majivu ndani, acha mvuke utoke kwa kuhesabu mpaka 20, futa matone yaliyoganda chini ya kifuniko kwa kitambaa kikavu, rudisha. Matone yale yakidondokea boga, kazi imeharibika. Mzunguko mmoja ni dakika 40 hivi, na makaa ya juu utayaongeza mara 1 katikati.

Biringanya na hoho hazina haja ya kupaliwa kabisa. Zitoboe kwa uma matundu machache zisipasuke, zilaze nzima juu ya makaa, geuza kila upande ubabuke. Biringanya ya wastani dakika 15 mpaka 20, ikilegea shingoni karibu na kikonyo imeiva. Weka hoho kwenye bakuli lililofunikwa dakika 10, ganda litavuka kwa kidole. Usizioshe kwa maji! Unaosha moshi wote uliokuwa unautafuta. Biringanya iliyochomwa hivi ining'inize kwenye chujio robo saa, itatoa maji meusi machungu, yamwage.

Ukwaju_Mkali
Mbona hakuna aliyegusa mafuta na tuko mkoa wa alizeti? Yale ya kukamua mtaani, yenye rangi nzito na harufu ya mbegu, hayafai kwenye moto wa nyuzi 200. Hayajasafishwa, yanatoa moshi mapema na yanatoa povu, na ule ute unaokaa chini ya dumu unaungua ukaacha uchungu kwenye boga. Kuokea tumia alizeti iliyosafishwa kiwandani. Ya kukamua iweke kwenye sosi, mbichi, hapo ndipo harufu yake inapolipa. Acha dumu litulie, mimina ya juu bila kutikisa.

Mafuta ya kuokea yachanganywe na mboga kwenye beseni kwa mikono. Ukimwagia juu ya trei, kipande kimoja kinaogelea na kingine kikavu. Biringanya ipake mwisho, maana ikitangulia inanywa yote.

Sosi: alizeti ya kukamua vijiko vya chakula 4, maji ya ndimu vijiko 2, saumu iliyotwangwa, binzari nyembamba kijiko kidogo 1 iliyokaangwa kavu mpaka inukie ndipo itwangwe, chumvi nusu kijiko kidogo, asali nusu kijiko kidogo. Kwenye kachumbari ya majani ungeweka uchachu pungufu ya hapo. Adesi ndiyo inayoumeza, kwa hiyo onja baada ya kuchanganya na uwe na ndimu ya tatu karibu. Badala ya ndimu, ukwaju uliolowekwa ukawa mzito vijiko 3, au unga wa ubuyu vijiko 2 uliokorogwa kwa maji vijiko 4. Ubuyu unafanya sosi iwe nzito na ishike punje vizuri; ila chekecha kwanza, nyuzi zake zinakwama kwenye meno.

Sosi imwagwe adesi zikiwa bado vuguvugu. Zikipoa kabisa sosi inateleza juu na kukusanyika chini ya bakuli.

Nkuhungu_Jikoni
Nimekubali kuhusu magadi. Zabibu je? Msimu ukifika zinazagaa mjini.

FundiOveni
Zinafaa sana, dakika 12 mpaka 15 kwenye nyuzi 200, ngozi ikianza kupasuka toa. Nyingi za hapa zina mbegu, na mbegu iliyookwa inauma na ni chungu, kwa hiyo kata nusu uitoe kwanza. Gramu 150 zinatosha. Ukiweka zabibu, ondoa asali kwenye sosi.

MamaWaKisasa
Wanaopenda kuongeza jibini na hawaipati: mtindi mzito nusu lita, chumvi robo kijiko kidogo, funga kwenye kitambaa safi cha pamba, ning'iniza kwenye friji usiku mmoja. Unabaki na donge la kupakaa kwenye sahani, saladi inakaa juu yake. Usiikoroge ndani, itageuka rangi ya saruji.

Karanga za kukaanga gramu 60, zivunje kwa mwiko, ziingie dakika ya mwisho. Zikikaa zinalainika kama zimechemshwa. Kotmiri hivyo hivyo.

MzeeWaUngo
Mpangilio wa kuchanganya: adesi na sosi kwanza, dakika 10. Kisha karoti, kitunguu na hoho. Boga na biringanya mwisho, kwa mikono miwili ukiinua kutoka chini. Kijiko cha chuma kinalivunja boga.

DaftariLaMtumba
Swali la mtu wa ofisini. Ikiwekwa kwenye hotpoti saa 12 asubuhi, saa 7 mchana inafaa?

MamaWaKisasa
Hotpoti ndiyo mahali pabaya kuliko pote. Inashika joto na mvuke, mboga zinarudi kuwa za kuchemsha, na chakula kinakaa vuguvugu saa nyingi, hali ambayo vijidudu wanaipenda. Tengeneza usiku, iingie friji ikishapoa, isikae nje zaidi ya saa 2, na kipindi cha joto cha Oktoba na Novemba usifike hata hapo. Asubuhi weka kwenye kopo la kawaida la kufunga, sosi ya akiba na karanga kwenye vichupa pembeni, na chupa ya maji iliyogandishwa ilale ubavuni mwa kopo ndani ya mfuko. Ofisini kukiwa na friji, iingie humo ukifika. Kwenye friji inakaa siku 3, isipokuwa iliyowekwa nyanya, hiyo iliwe kesho yake.

KifunikoChaBati
Na kabla ya kufunga hilo kopo, tandika kipande cha tishu ya jikoni chini ya kifuniko. Matone ni yale yale.