Naifungua QGIS nikiwa nyumbani, dirisha linatokea ofisini

Fundi Ramani
Wakuu, habari za usiku. Kompyuta yangu ya ofisini ni Debian yenye Xfce, na data zangu zote za mvua zimo humo. Nyumbani nina laptopu yenye Ubuntu. Nataka QGIS (programu ya ramani) iendeshwe kule, dirisha lije huku. Naandika ssh -X (amri ya kuingia kompyuta ya mbali na kuleta madirisha yake huku), naweka nywila, naingia vizuri. Nikiita qgis & kimya. Hakuna kosa, hakuna dirisha. Jana nimeita mara tatu nikidhani mtandao wa simu umechoka. Saa mbili usiku mwenzangu wa meza ya jirani akanipigia: "Bwana, kompyuta yako inajifungulia ramani yenyewe, hii ya tatu!" Nilisahau kufunga skrini nilipotoka. Tumecheka, lakini kazi haijaenda. Nakosea wapi?

Kobe
Tumia -Y badala ya -X. Halafu angalia /etc/ssh/sshd_config ya kule, X11Forwarding (ruhusa ya kupitisha madirisha) iwe yes.

Mama Terminali
Kobe, kwenye Debian na Ubuntu -X na -Y ni baba mmoja mama mmoja, maana ForwardX11Trusted (mpangilio wa kuyaamini madirisha ya kule) huja ikiwa yes tayari. Fundi, ukishaingia kule andika echo $DISPLAY (inaonyesha madirisha yanatumwa skrini ipi), utuletee jibu.

Fundi Ramani
Shikamoo mama. Jibu ni :0. Na X11Forwarding ni yes, nimeangalia.

Mama Terminali
Marahaba. Basi mwizi kapatikana. :0 ni skrini ya hiyo hiyo kompyuta ya ofisini. Kupitisha madirisha kukifanikiwa, sshd (programu ya ssh inayopokea wageni kule) huandika localhost:10.0 au namba inayofuata. Hiyo 10 maana yake ni bandari 6010, mlango wa njia inayorudi kwenye laptopu yako. (Wengi hupotea hapa: seva ya X, yaani mfumo unaochora madirisha, ni mashine yenye skrini unayoitazama. Kwa hiyo laptopu ndiyo seva, kompyuta ya ofisini ni mteja tu.) Kwako kuna kitu kinabadilisha thamani hiyo ukishaingia. Na kwa kuwa ufunguo wa skrini ya ofisini umo kwenye ~/.Xauthority yako mwenyewe, dirisha linafunguliwa kule bila kuulizwa. Ndiyo maana hukuona kosa lolote. Itafute:

grep -n DISPLAY ~/.bashrc ~/.profile

Fundi Ramani
Aibu yangu. Mstari wa 118 wa .bashrc, faili linalosomwa kila nikiingia: export DISPLAY=:0. Niliuweka mwenyewe zamani, nikitaka kuanzisha slaidi za mkutano kwenye projekta nikiwa nimekaa nyuma. Nimeutilia # mbele usisomwe, nimetoka, nimeingia upya: localhost:10.0. xclock, ile saa ndogo ya kujaribia, imekuja na mishale yake! QGIS nayo imekuja, ila kusogeza ramani ni kama kuvuta ng'ombe aliyekwama matopeni.

Kobe
Hapo ni intaneti yako. Kila ukisogeza ramani, picha inachorwa kule na kusafirishwa upya. Ongeza -C data ibanwe, au sakinisha xpra (programu nyingine ya kupitisha madirisha) pande zote mbili. Kwa xpra mtandao ukikatika programu inabaki hai kule, unaunganisha tena. Kwa ssh -X peke yake dirisha linakufa, pamoja na kazi ambayo hujaihifadhi.

Fundi Ramani
Xpra kesho, bando limebaki MB 200. Sasa hivi naenda kupiga pkill qgis, zile tatu za jana bado ziko wazi mezani kwangu.