Vipimo vya ncha za dunia: vitoke papo hapo, au aliyevikusanya avishike kwanza?

MLETA MADA: Wadau, kipimo cha hali ya hewa kilichochukuliwa Antaktika, bara la barafu kwenye ncha ya kusini, ni cha nani? Mkataba wa Antaktika wa 1959, kifungu cha 3, unataka matokeo ya utafiti yabadilishanwe na yapatikane kwa uhuru. Ila umeacha mwanya: kadiri inavyowezekana. Kwenye mwanya huo kuna watu wanakalia data miaka nenda rudi wakisubiri makala zao zichapishwe. Mimi nasema zitoke siku hiyo hiyo. Picha za Landsat, setilaiti za Marekani zinazopiga picha za ardhi, ziliuzwa kwa miaka mingi, zikaachiwa bure 2008, na bado setilaiti mbili mpya zimerushwa baada ya hapo.

MCHANGIAJI WA KWANZA: Mkuu, umewahi kuona data ghafi ya kituo cha hali ya hewa kinachojiendesha? Upepo unasoma sifuri siku nyingi mfululizo. Asiyejua atasema kulikuwa shwari, kumbe kipimaupepo kimeganda. Kipimajoto nacho, kiangazi jua likikipiga kutoka juu na theluji ikilirudisha kutoka chini, na upepo ni hafifu, kinaonyesha nyuzi kadhaa zaidi ya joto halisi la hewa. Halafu theluji inarundikana, kifaa kilichofungwa juu ya mnara kinazidi kukaribia uso wa theluji kila mwaka. Haya anayajua aliyeufukua mnara kwa koleo. Mpeni mwaka mmoja au miwili asafishe kazi yake, ndipo mgawane.

MCHANGIAJI WA PILI: Kusafisha ni jambo moja, kuficha ni jingine. Weka data ghafi, ziwekee alama kwamba hazijakaguliwa, basi. Mtabiri hawezi kusubiri miaka miwili apate kanieneo ya hewa ya leo. Setilaiti zinazotulia juu ya ikweta, kilomita 36,000 kutoka hapa chini, hazizioni ncha vizuri. Tunategemea zile zinazopita ncha hadi ncha, mizunguko kama 14 kwa siku, pamoja na vituo vichache vya ardhini.

Na kusema kweli mnamwandama mtafiti wakati koki iko mkononi mwa serikali. Juni 2025 Marekani ilitangaza kwamba data za vihisi vya SSMIS, vilivyo kwenye setilaiti za kijeshi za DMSP, zingekatwa mwisho wa mwezi uo huo. Hizo ndizo zilizokuwa zikiendeleza kumbukumbu ya barafu ya bahari iliyoanza 1978! Wakasogeza hadi Julai, kisha wakasema zitaendelea hadi Septemba 2026. Kituo cha NSIDC kule Colorado, kinachotunza data za theluji na barafu, kikaanza kuhamia kihisi cha Kijapani, AMSR2.

MCHANGIAJI WA KWANZA: Hapo kwenye serikali sina ubishi. Ongeza na Aktiki, kule ncha ya kaskazini: karibu nusu ya pwani yake ni ya Urusi, na tangu Urusi ilipoivamia Ukraine 2022 ushirikiano wa utafiti na nchi za Magharibi umekatika kwa sehemu kubwa. Hiyo "siku hiyo hiyo" ya mleta mada haitafungua mlango uliofungwa na vita.

MLETA MADA: Haitafungua, kweli. Lakini turudi kwenye huko kusafisha. 1985 watafiti wa Uingereza, Farman, Gardiner na Shanklin, walitangaza kupungua kwa ozoni, gesi ya angani inayotukinga na miale mikali ya jua, juu ya kituo chao cha Halley huko Antaktika, kwa kutumia chombo kilichokuwa kikipima kutoka ardhini tangu miaka ya 1950. Setilaiti ya Marekani ya Nimbus 7 nayo ilikuwa ikipima ozoni juu ya Antaktika tangu 1978. Viwango vyake vilivyoshuka mno viliwekewa alama ya kutiliwa shaka. Kila upande ulikuwa na ushahidi wake kabatini. Kinachoonekana uchafu leo, kesho ndicho habari yenyewe. Kwa hiyo nakuuliza wewe wa koleo: zile sifuri zako za upepo utaziweka hadharani, au hutaziweka?

MCHANGIAJI WA KWANZA: Nitaziweka. Ila kila atakayezitumia ataje seti hiyo na waliokwenda kuikusanya, ndani ya makala yenyewe, si kwenye mstari wa shukrani mwishoni. Mara ngapi mtu anachota vipimo vya msimu mzima, anachapisha kabla yetu, na sisi tunaambulia "tunawashukuru wote"?

MCHANGIAJI WA PILI: Sasa ungeanza na hilo, mkuu. Hiyo hoja ya jina naiunga mkono. Ile ya miaka miwili bado naipinga.