Daktari wa mdogo wangu Marekani kaitwa na bodi ya leseni, familia tunaombwa mchango wa wakili. Hii imekaaje?

BintiMikindani:
Habari za humu wakuu. Niko Mikindani hapa, mdogo wangu wa kike kaolewa Marekani jimbo la Connecticut. Huko kuna ugonjwa unaitwa Lyme, unaletwa na kupe wa porini. Aliumwa nao, akapewa doksi (antibayotiki ya vidonge) wiki tatu, akamaliza dozi, ila viungo vinauma mpaka leo, uchovu hauishi, anasahau sahau. Madaktari wa kwanza wakamwambia wadudu hawapo tena mwilini. Akampata mwingine wa kulipwa kesh nje ya bima, huyo anasema ni Lyme sugu na anamtundikia dripu za antibayotiki miezi sasa, mpira wenyewe kawekewa mkononi anaishi nao. Mdogo wangu anasema ana nafuu. Sasa daktari kaitwa na bodi inayotoa leseni, wagonjwa wake wanachangishana hela ya wakili na group letu la familia nalo limefikiwa, mama keshasema korosho zikiuzwa mnadani anatoa kitu. Naomba kuelewa, mtu anafungiwa leseni kwa kosa la kumtibu mgonjwa aliyekataliwa na wenzake??

MzeeWaNewala:
Wivu tu huo. Wakishindwa kutibu wao hawataki mwingine atibu. Changieni.

Tabibu_Nachingwea:
Mzee wangu shikamoo, ila hapo kwenye changieni ngoja kwanza.

Dada, huo ugonjwa upo kweli. Ulishtukiwa mwaka 1975 kwenye mji wa Lyme hukohuko Connecticut, watoto wengi walikuwa wanavimba magoti, miaka michache baadaye Willy Burgdorfer akamkuta bakteria ndani ya kupe, ndo maana anaitwa Borrelia burgdorferi. Huku kwetu tuna ndugu yake anayeletwa na papasi wa kwenye nyufa za nyumba za udongo, ile homa inayopanda inashuka inarudi, lakini Lyme yenyewe sio ya kwetu. Dozi ni siku 10 mpaka 21 hivi na wengi wanapona. Wapo wanaobaki na uchovu na maumivu miezi mingi baada ya dozi, hao hawaigizi, wanaumwa. Ugomvi uko kwenye sababu. Chama cha madaktari wa magonjwa ya kuambukiza wa Marekani, IDSA, kinasema hakuna ushahidi kwamba bakteria bado wapo hai, kingine kinaitwa ILADS kinasema wapo na wapigwe dawa muda mrefu.

Na hili limepimwa sio maneno ya kijiweni. Mwaka 2001 walitoa matokeo ya wagonjwa waliopewa antibayotiki ya seftriaksoni ya mshipa siku 30 kisha doksi siku 60, wenzao wakapewa dawa ya kuigiza isiyo na kitu ndani, mwisho wa siku hawakutofautiana. Uholanzi nao 2016 wakarefusha dozi wiki 12 zaidi, hamna kitu. Kingine cha kukutisha kidogo samahani, ni huo mpira. Mwaka 2017 CDC, taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilieleza wagonjwa 5 walioharibikiwa na matibabu ya namna hii na mmoja alikufa, maambukizi yalipitia kwenye mpira yakaingia kwenye damu. Mwambie akiona homa, baridi kali au pale ulipoingia panauma au pana usaha asisubiri hata saa moja aende hospitali.

BintiMikindani:
Asante sana tabibu, umenitoa jasho. Ila mdogo wangu anasema kuna sheria Connecticut ya mwaka 2009 inawalinda hawa madaktari, sasa bodi inamfuata ya nini?

Wakili_LindiMjini:
Sheria ipo dada, inasema daktari asiadhibiwe kwa sababu TU ya kuandika antibayotiki za muda mrefu za Lyme, alimradi alivyoutambua huo ugonjwa na alivyoutibu vimeandikwa kwenye faili la mgonjwa. Mkazo uko kwenye hilo TU. Kesi iliyovuma ni ya Dr Charles Ray Jones, daktari wa watoto wa mji wa New Haven hukohuko Connecticut, mwaka 2007 bodi ikampiga faini ya dola 10,000 na miaka miwili ya uangalizi. Ukisoma kilichomponza, watoto walikuwa Nevada huko upande wa pili wa nchi, aliongea na mama yao kwa simu akaandika dawa kabla hajawatia machoni. Alikata rufaa mpaka mahakama ya juu ya jimbo, ikaisha 2013, akashindwa. Alichokuwa anagombania pale ni kwamba bodi ilitakiwa iwe na ushahidi mzito kuliko ule, mahakama ikasema kwa kesi za leseni inatosha upande mmoja uzidi mwingine. Mwambie mdogo wako aombe hati ya mashtaka asome MWENYEWE, kama wameandika hakupima, hakuweka kumbukumbu, hakufuatilia damu na ini wakati dripu inaendelea, basi 2009 haitamsaidia. Na hela ya wakili atoe daktari, si alikuwa analipwa kesh.

Chuma_wa_Masasi:
Sisi huku tuna taifodi sugu na UTI sugu, kituo kimoja (sikitaji) mke wangu kachomwa sindano mfululizo kwa kipimo cha Widal tu (kile cha damu cha taifodi), mwisho wa yote ilikuwa thairoidi. Nani alishtakiwa? Hamna. Bora wao bodi yao inaita watu.

Tabibu_Nachingwea:
Mkuu Baraza la Madaktari Tanganyika linapokea malalamiko ya mtu yeyote, tatizo watu hamuandiki, mnaishia kulaumu kwenye daladala. Halafu hiyo ya thairoidi ndo hoja yenyewe, mdogo wake dada naye acheki thairoidi, damu, usingizi, na sonona pia, bila kuoneana aibu. Ukishabandikwa jina moja la ugonjwa kila mtu anaacha kutafuta.

BintiMikindani:
Nimemtumia yote kama yalivyo. Kakasirika, anasema tumemgeuka. Hati ya mashtaka kasema ataiomba. Hela ya mama nimeizuia, kama ni kuchanga tutachanga ya vipimo.

MzeeWaNewala:
Sawa nimewasikia vijana. Sasa binti, huko kwenu mnada wa mwisho kilo imeenda shingapi?