Nimpe mwanangu jina la Makame?

Mtumbatu wa Jang'ombe: Asalaam alaykum. Mke wangu kajifungua mtoto wa kiume Jumatatu, na akika inshallah siku ya saba. Nataka nimwite Makame, jina la babu yangu. Mama mkwe hataki hata kulisikia. Anasema jina la shamba hilo, mtoto atachekwa skuli. Yeye anataka Ayman, au Rayyan.

Juzi nilimpeleka mpwa wangu chuoni, chuo cha Kurani, nikamwomba mwalimu anioneshe daftari. Watoto 34, hakuna Makame hata mmoja. Nikatazama safu ya tatu, ya jina la babu: Makame sita! Sisi tunaandika jina la mtoto, la baba na la babu, basi. Hao sita wakija kuzaa, Makame linatoka kwenye karatasi. Na langu mimi la tatu ndilo hilo hilo. Mwanangu akiitwa Ayman, limekwisha kwetu.

Udogoni mwangu ukiita "Makame!" pwani ya Mkokotoni wanageuka watu wanne, mpaka ukasema Makame Nahodha au Makame Mrefu. Roho inaniuma. Nyinyi mlifanyaje?

Mama Faki, Wete: Mwanangu ni Faki, la baba mkwe wangu. Mpaka darasa la tatu akirudi analia. Sasa yuko sekondari, darasani kwao wana Imran watatu, Faki yeye peke yake. Mwalimu akimwita hana haja ya kutaja la baba. Mpe tu.

Mwalimu wa Chuo: Dini imetaka jina lenye maana njema, haikusema lazima liwe la Kiarabu. Majina kama Shida na Mashaka, hayo sawa, tuyaache. Makame lina kosa gani? Kuna mzazi kaniletea jina kalitoa kwenye simu, yeye mwenyewe hajui kuliandika. Tulifuta mara tatu.

Makame, Dar: Ndugu yangu, mimi ndilo jina langu. Nilipohamia huku nilikuwa najitambulisha kwa la baba, Ali, nisiulizwe natoka wapi. Najuta. Marehemu baba yangu hakuwahi kunitaja jina, hata akiwa amekasirika. Aliniita "baba", kwa sababu nimechukua la babaake. Tangu afariki hakuna anayeniita hivyo.

Mtumbatu wa Jang'ombe: Makame wa Dar, umenitoa machozi. Leo asubuhi mzee wangu kavuka na mashua kuja kumwona mjukuu. Kamtoa kwenye kanga taratibu, kamshika kile kidole kidogo cha mguu, akasema, "Baba, umerudi?" Hakuna aliyekuwa amemwambia lolote kuhusu jina. Mama mkwe alikuwa kakaa hapo hapo kwenye mkeka. Alinyamaza kitambo, kisha akasema yeye nyumbani atamwita Ayman. Nimekubali. Jumapili tunachinja, na cheti kitaandikwa Makame.