Likizo ya siku saba Jambiani na mama mkwe mwenye sukari: nibebe vyombo gani vya jikoni?

MamaWawili
Wadau, habari za jioni. Naomba ushauri, hasa kwa waliowahi kukodi nyumba ya likizo na familia badala ya kulala hotelini.

Tunatoka Dar tarehe 26 Desemba kwenda Jambiani, Unguja, kwa boti. Tutakaa siku saba. Tuko sita: mimi na mume wangu, watoto wawili (mdogo ana mwaka na miezi minne), mdogo wangu wa kike na mama mkwe. Mama ana sukari na presha. Chakula chake nakijua mimi: dona, maharage yasiyo na mafuta mengi, mboga za majani, chumvi kidogo sana. Mwaka jana tulikwenda mahali pengine tukalala hotelini. Kila mlo ulikuwa wali, chipsi na juisi ya boksi. Siku ya nne sukari yake ilipanda vibaya, na likizo iliyobaki tuliimalizia kwenye benchi la hospitali. Nilijilaumu sana, maana yeye hakuomba kwenda, sisi ndio tuliomshawishi. Ndiyo sababu safari hii nimetafuta nyumba yenye jiko.

Mwenye nyumba ameniandikia kwamba jiko limekamilika. Nikamwomba picha. Naona jiko la umeme la pleti mbili, jagi la umeme, friji ndogo, sufuria tatu na sahani. Basi.

Nilichopanga kubeba: presha kuka ya umeme ya lita 6, raisi kuka, blenda, mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye jiko juu (umeme ukikatika), chupa mbili za chai, hotpoti mbili, mbuzi ya kukunia nazi, kinu kidogo, mwiko na visu vyangu. Mume wangu kaiona orodha, akaniuliza, "Mama, tunakwenda likizo au tunahama?" Namwelewa, mizigo yote itamwangukia yeye bandarini. Lakini nisipobeba, mama atakula nini na nitampikia kwa kitu gani?

BabaTatu
Dada, nitasema kinyume na utakavyoambiwa na wengi: acha karibu vyote.

Mwaka 2022 tulikwenda Lushoto kwa gari, na kwa kuwa ni gari, mke wangu alipakia jiko zima. Siku nne alipika kama yuko nyumbani, tena kwa tabu zaidi kwa sababu jiko si lake. Sisi tulipanda Irente kuangalia Mazinde kwa chini, tukarudi tukakuta chakula mezani, tukashukuru tukala. Tuliporudi nyumbani nikapitia picha. Mke wangu hayumo hata kwenye moja. Hakunilalamikia, lakini mimi bado inaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza ubebe chombo gani, kaeni wewe na shemeji mkubaliane nani atapika siku gani. Kifaa unachobeba ni kazi unayobeba.

MamaWawili
BabaTatu, hilo la picha limenigusa. Nimemsomea mume wangu, amekaa kimya muda. Asante.

FundiWaya
Habari dada. Mimi ni fundi umeme, nimefunga nyumba kadhaa za wageni huko pwani ya mashariki.

Kwanza ondoa wasiwasi wa plagi. Unguja inapata umeme wake kutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, kwa hiyo ni volti 230 zilezile na plagi ileile ya miguu mitatu ya bapa. Kifaa chako cha Dar kitafanya kazi bila adapta.

Tatizo liko kwenye soketi. Soketi moja ya kawaida ni ampea 13, yaani karibu wati 3,000 tu. Jiko la pleti mbili likiwashwa lote peke yake linafika wati 2,000 na zaidi. Ukichomeka presha kuka ya wati 1,000 na jagi la umeme kwenye ekstensheni hiyohiyo, breka itaanguka, na hiyo ndiyo salama yako. Ekstensheni nyembamba za bei rahisi nimezikuta zimeyeyuka ukutani na breka haijaanguka. Pika kwa zamu. Jagi likichemsha, pleti moja izimwe.

Muulize mwenye nyumba mambo haya tu: jikoni kuna soketi ngapi, jiko lina soketi yake peke yake, na TUKUZA (ndiyo LUKU ya Zanzibar) anajaza nani. Nyumba nyingi wanakuachia yuniti chache, zikiisha unanunua mwenyewe. Hapo presha kuka inalipa. Maharage yaliyolowekwa usiku yanaiva kwa nusu saa hivi na hayamalizi hata yuniti moja. Kwenye pleti ya wati 1,500, saa mbili za moto mkali ni yuniti tatu.

Raisi kuka iache, presha kuka inapika wali vizuri tu. Na mtungi wa gesi, nakuomba, usiupandishe kwenye boti iliyojaa watu na watoto. Kwenye ndege ndiyo kabisa hauruhusiwi.

BintiMwani
Assalam aleikum, karibuni kwetu. Mimi mzaliwa wa Jambiani.

Bibie, mbuzi usibebe kabisa. Kila nyumba hapa ina mbuzi, jirani atakuazima kabla hujamaliza kuomba. Kinu pia kipo, na mwiko utapata. Kubeba vitu hivyo kuja kwetu ni kujichosha bure.

La kubeba ni unga wa dona. Huku sembe na ngano ndizo zilizojaa, dona si kila duka utaliona. Beba kilo zako tano na maharage yako. Mboga pitieni soko la Mwanakwerekwe mkitoka bandarini, liko njiani kuja huku na mboga zake ni fresh kuliko za madukani kijijini. Mizigo pangeni kwenye vikapu vya ukili au mifuko ya kitambaa, mifuko ya plastiki imepigwa marufuku huku kama ilivyo kwenu.

Samaki msinunue mjini. Subirini wavuvi hapahapa. Changu wa kuchoma kwa ndimu na pilipili manga hamkumbushi mtu hata chumvi, mama atakula na atafurahi. Maji yakitoka pia mtawaona kina mama wakirudi na pweza.

Na kaka aliyesema la picha kasema kweli. Hapa wapo kina mama wanaopikia wageni kwa siku. Utamwelekeza chumvi na mafuta, mkubaliane bei mapema kabla hajaanza, na wewe utashuka pwani na wanao.

Kijana wa Minneapolis
Naongezea kwa wanaosafiri mbali zaidi, maana uzi huu watausoma wengi.

Mama yangu alipokuja Marekani kunitembelea alikuja na jagi lake la umeme la nyumbani. Alilishughulikia zaidi ya nguo, kwa sababu chai yake ya alfajiri ndiyo siku yake. Huku umeme ni volti 120. Tukaweka adapta, likawaka taa, maji hayachemki. Adapta inabadili umbo la plagi tu, volti haiigusi. Kifaa cha 230 kikipewa 120, nguvu inashuka hadi karibu robo, kwa hiyo jagi la wati 1,800 linakuwa kama la 490. Alisubiri zaidi ya nusu saa. Nikaona haya, nilipaswa kumwambia kabla hajapakia. Kesho yake nilimnunulia la huku.

Kinyume chake ni hatari. Ukileta bara kifaa cha volti 120 ukakichomeka kwenye 230, kinavuta karibu mara nne ya nguvu yake na kinaungua. Angalieni kibandiko chini ya kifaa. Kikiwa na "100–240" kinakwenda popote. Vifaa vya kupashia moto vingi haviko hivyo. Uingereza, Omani na Dubai hamna shida, volti na plagi ni kama zetu. Burundi na Rwanda volti ni zetu lakini plagi ni za miguu ya mviringo, hapo adapta inatosha.

Mama Nuru
Nasoma orodha na majibu yote, naona kitu kimesahaulika. Mama anatumia vidonge au insulini? Nauguza baba yangu mwaka wa tisa sasa.

Kama ni insulini, kifaa cha kwanza kuulizia ni ile friji ndogo ya kwenye picha. Inafanya kazi? Inagandisha? Chupa ambazo hazijafunguliwa zinatakiwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na insulini ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka usimpe. Mimi kwenye friji za watu naweka rafu ya mlangoni, mbali na barafu. Safarini natumia chupa ya chai yenye mdomo mpana: barafu ndani ya kitambaa chini, taulo katikati, dawa juu, zisigusane. Mkoba huo unakaa mapajani kwako, usiingie kwenye mizigo ya chini.

Beba pia kipimo cha sukari na kikombe chake cha kupimia chakula cha kila siku. Baba yangu akila kwenye sahani ngeni, anapakua zaidi bila kujua.

Blenda kwa ajili ya mtoto acha. Chungwa kamua kwa mkono, ndizi na parachichi ponda kwa uma, uji chuja. Mtoto wa umri huo ana meno.

MamaWawili
Mama Nuru, Mungu akubariki. Ni insulini, na kweli sikuwa nimeuliza friji. Nimempigia mwenye nyumba usiku huuhuu. Kasema friji ni nzima, na amekubali kuiwasha siku moja kabla atume picha ikiwa na kipimajoto ndani. Jikoni kuna soketi mbili, jiko lina yake. TUKUZA tunajaza sisi.

Orodha mpya: presha kuka, hotpoti moja, chupa moja ya chai na ile ya dawa, kisu kimoja (kwenye begi la chini), kikombe cha mama, dona na maharage. Mume wangu ameshika zamu ya asubuhi. BintiMwani, nitakutafuta kwa ujumbe wa faragha kuhusu mama wa kutupikia mchana.

BabaTatu
Hongera dada. Mpe shemeji simu yako akupige picha.

MamaWawili (4 Januari)
Tumerudi juzi salama. Sukari ya mama haikupanda kupita kawaida yake hata siku moja. Niliandika vipimo vyote. Umeme ulikatika jioni mbili, maharage yalikuwa yameshaiva na hotpoti ikayatunza mpaka saa tatu usiku. Kuna siku breka ilianguka, mdogo wangu alichomeka jagi na pasi kwenye soketi moja, FundiWaya, nilikukumbuka. Mama wa kutupikia alikuja siku nne, akamfundisha mama mkwe kupika kisamvu kwa tui jepesi, wakawa marafiki, wanapigiana simu hadi leo. Nina picha kumi na moja nikiwa ndani ya maji.

Shida moja tu. Nilipokuwa naosha presha kuka siku ya mwisho nilianika mpira wa mfuniko kwenye kamba ya nguo nyuma ya nyumba, nikausahau. Bila mpira ule haishiki presha. Kuna anayetoka Jambiani kuja Dar wiki hii?

BintiMwani
Nimeshaupitia, upo kwangu. Ndugu yangu anapanda boti ya asubuhi keshokutwa, nitumie mahali pa kukutana naye.